Maswali ya Wasomaji: Breka Ikichelewa, Joto Linapanda

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari ya aki flashi, yaani ule mlipuko wa moto na mwanga unaotokea umeme unaporuka hewani kutoka baa moja ya shaba kwenda nyingine au kwenda kwenye bodi ya paneli, na sikutegemea kama barua zitajaa hivi. Wengi walioandika ni mainjinia vijana ambao mabosi zao wamewapeleka kozi au wanataka kuwapeleka, wengine ni mafundi wa zamu ambao ndo wanafungua milango ya paneli kila siku. Nimechukua sita. Mbili za mwanzo nimejibu kirefu sana sababu hapo ndo watu wanapoungulia, nyingine fupi.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Mimi ni injinia wa umeme, nina miaka miwili kazini. Nimetoka kozi ya siku tatu ya kupanga setingi za rilei (kifaa kinachopima umeme na kuiamuru breka ikate) na kuchambua aki flashi, tumefundishwa programu, na cheti ninacho. Sasa bosi anataka nichambue kiwanda kizima afu nibandike lebo ya kiwango cha joto la aki flashi kwenye kila paneli. Nimefungua programu nikabaki naikodolea macho, sijui naanzia wapi. Nisaidie tafadhali. – Injinia mdogo

Jibu: Ndugu yangu, kwanza usijidharau. Akili unayo, shida ni kozi uliyopelekwa, ilianzia mwisho. Nimefundisha haya mambo miaka mingi na nimeshaona kozi nyingi za aina hiyo, mwanafunzi anapewa mfano ambao namba zote zimeshajazwa, transfoma ina namba zake, kebo ina urefu wake, breka zina setingi zake, kazi yake ni kubonyeza tu na matokeo yanatoka na rangi nzuri, basi darasa zima linaondoka linajua programu. Kazini hakuna aliyekujazia namba. Kazini kuna mchoro wa laini moja, yaani ramani ya umeme wa kiwanda, uliochorwa kiwanda kikifunguliwa, na tangu siku hiyo zimeongezwa paneli ambazo hazipo kwenye mchoro, kuna transfoma imebadilishwa, na kuna kebo ambayo hakuna anayejua inapita wapi.

Kwa hiyo funga kompyuta, vaa buti, chukua tochi, daftari na kamera. Anzia kwenye kibao cha transfoma, soma kVA (ukubwa wake), volti za pande zote mbili, na impidansi kwa asilimia, yaani kiasi transfoma inavyouzuia mkondo wa shoti. Hiyo asilimia watu wanairuka na ndo namba muhimu kuliko zote pale. Afu fuata kebo, andika ukubwa na urefu. Breka na fyuzi, andika modeli kamili, sio ampea peke yake, sababu fyuzi mbili za ampea sawa zinaweza kukata kwa muda tofauti kabisa. Soma setingi kwenye breka yenyewe na kwenye rilei yenyewe, faili la ofisini liwe la kulinganishia tu. CT nazo, zile transfoma ndogo zinazoupunguza mkondo ili rilei iweze kuupima, soma uwiano wake, ukikosea hapo kila kitu cha mbele kimeharibika. Na kitu kimoja nakuomba kama mdogo wangu: usifungue paneli ikiwa laivu, yaani ina umeme, eti unakusanya data. Kinachosomeka kwa nje soma kwa nje, kilichobaki subiri siku ya kuzima. Itakuwa ajabu mtu aungue akiwa anatafuta namba za kumkinga mtu asiungue.

Waandikie pia wanaowauzia umeme wakupe kiwango cha shoti kinachofika kwenye mlango wenu, cha juu na cha chini. Vyote viwili. Wengi wanaomba cha juu tu, sababu ndo kinachotumika kuchagua breka yenye nguvu ya kutosha kukata. Kwenye aki flashi cha chini kinaweza kuwa kibaya zaidi, jibu linalofuata litakuonyesha kwa nini.

Ukishapata data, kabla hujaigusa programu, piga hesabu moja kwa mkono. Chukua transfoma ya kVA 1,000, upande wa chini volti 400, impidansi asilimia 5. Mkondo wake wa kawaida ukijaa ni 1,000 gawanya kwa 1.732 mara 0.4, unapata ampea 1,443. Gawanya kwa 0.05 unapata kama ampea 28,900. Hiyo ndo shoti kubwa kabisa inayoweza kupita kwenye transfoma hiyo, ukichukulia gridi ina nguvu isiyoisha na mota bado hujazihesabu. Programu ikikuletea ampea 60,000 hapo, utajua palepale kuna namba umeingiza vibaya, huhitaji mtu akwambie. Asiyeweza kupiga hesabu hii hawezi kuikagua programu, na usipoweza kuikagua basi yenyewe ndo injinia, wewe ni karani wake.

Ukiendelea mbele kumbuka umeme unaoruka hewani sio sawa na shoti ya chuma kwa chuma. Hewa ina ukinzani wake, kwa hiyo kwenye volti 400 mkondo unashuka, na unaweza kufika karibu nusu. Ile 28,900 inaweza kuwa 13,000 hivi. Watu wakiona namba imeshuka wanafurahi. Subiri kwanza.

Sasa nikusimulie kilichonifundisha mimi. Kiwanda kimoja, sikitaji jina, nilikwenda kukagua lebo zilizobandikwa na watu wengine mwaka mmoja nyuma. Paneli moja ya mota lebo inasema kalori 6 kwa kila sentimita ya mraba, na mafundi wanavaa nguo za kalori 8, kila mtu ana amani. Siku ya kuzima tukafungua mlango. Breka kuu ya paneli ile ina vidude vidogo vitatu vya kuzungusha kwa bisibisi, na kile cha ucheleweshaji kimezungushwa mpaka mwisho, pembeni yake plastiki ina mkwaruzo mpya mweupe wa bisibisi. Nikamuuliza fundi wa zamu, mzee mmoja muungwana sana, akanieleza bila kuficha: mota moja kubwa ilikuwa ikiwashwa breka inatripu, uzalishaji unasimama, akaambiwa arekebishe, akazungusha, mota ikawaka, kazi ikaendelea. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kile kidude na ile lebo ni kitu kimoja. Breka iliyohesabiwa kukata kwa sekunde 0.1 sasa ilikuwa inasubiri sekunde 0.5, na joto linakwenda na muda moja kwa moja, muda mara tano ni joto mara tano. Mlangoni kumeandikwa 6, ndani kuna 30. Na mtu alikuwa anasimama pale na nguo za 8.

Simlaumu yule mzee hata kidogo. Nawalaumu waliopanga mafunzo, wakampeleka injinia kozi wakamwacha mshika bisibisi. Kwa hiyo ukimaliza uchambuzi wako, usiishie kubandika lebo. Kaa na mafundi, waonyeshe kila kidude kinafanya nini, na mkubaliane kwamba setingi haibadilishwi mpaka hesabu irudiwe.

Swali: Mwalimu, mimi ni injinia wa matengenezo. Kwenye mafunzo ya kodinesheni tuliambiwa breka ya chini ikate kwanza, ya juu isubiri. Kwenye mafunzo ya aki flashi tukaambiwa breka ikate haraka iwezekanavyo. Hivi sio vitu vinavyogongana? Nimfuate nani? – Niko njia panda

Jibu: Vinagongana kweli, na nashukuru umeliona mwenyewe, maana kozi nyingi zinafundisha haya kama masomo mawili na walimu wawili tofauti na mwanafunzi anaachwa ayaunganishe nyumbani.

Tuanze na kusubiriana kwenyewe. Chukua rilei ya chini, ya mkondo unaozidi, yenye mstari wa kawaida wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme. Kanuni yake ni TMS (kizidishi cha muda unachokiseti kwenye rilei) mara 0.14, gawanya kwa mkondo uliopita ukigawanywa na kiwango cha kuanzia, kipeo cha 0.02, toa 1. Inatisha ukiisoma, ukiifanya ni rahisi. Kiwango cha kuanzia ampea 400, shoti ya ampea 4,000, maana yake mara 10. Ukiweka TMS 0.1 rilei inakata kwa sekunde 0.297, sema 0.3. Sasa rilei ya juu yake inaanzia ampea 800, shoti ileile kwake ni mara 5 tu. Tunataka isubiri ya chini imalize na tuiachie nafasi ya sekunde 0.3, kwa ajili ya breka kufunguka, makosa ya CT na makosa ya rilei zenyewe, kwa hiyo inatakiwa ikate kwenye 0.6. Ukipiga hesabu unapata TMS 0.14. Rilei ya tatu juu yake itasubiri 0.9. Za zamani za sahani inayozunguka zinataka nafasi kubwa zaidi, kama 0.4, za kidijitali unaweza kupunguza kidogo.

Umeona kilichotokea? Kila ngazi unayopanda unaongeza sekunde 0.3, na ngazi ya juu kabisa, pale karibu na transfoma ambapo mkondo wa shoti ndo mkubwa kuliko kote, ndo panaposubiri muda mrefu kuliko kote. Kodinesheni imepangwa vizuri kabisa, shoti ya chini haizimi kiwanda kizima, na wakati huohuo umetengeneza sehemu ya hatari kubwa pale juu. Hakuna aliyekosea.

Kuna jambo la pili ambalo mimi huwa nalichora ubaoni polepole sababu linapingana na akili ya kawaida. Mkondo mdogo unaweza kuunguza zaidi ya mkubwa. Tuseme breka yako ina sehemu ya papo hapo iliyosetiwa ampea 10,000, chini ya hapo inasubiri sekunde 0.4. Umeme ukiruka kwa ampea 12,000, breka inakata ndani ya sekunde 0.05 hivi. Ukiruka kwa ampea 9,000, hauifikii ile 10,000, breka inakaa inahesabu mpaka 0.4. Mkondo umepungua robo, muda umeongezeka mara nane, joto linakaribia mara sita. Ndo maana nikasema omba kiwango cha shoti cha chini pia, na ndo maana lazima uhesabu hali ya jenereta peke yake, sababu jenereta shoti yake huwa ndogo kuliko ya gridi na setingi zilizopangwa kwa gridi zinaweza kulala kabisa usiku ule gridi imekatika.

La tatu ni sehemu ambayo hata mainjinia wakongwe wanaisahau. Umeme ukiruka upande wa kuingilia wa breka kuu, kati ya transfoma na breka, breka kuu haiwezi kusaidia kitu, hata ikifunguka umeme bado unatoka kwenye transfoma. Anayetakiwa kukata ni fyuzi au rilei ya upande wa volti kubwa. Rudi kwenye mfano wetu wa ampea 13,000 kwenye volti 400. Kama upande wa juu ni volti 11,000, huko inaonekana kama ampea 473 tu. Mkondo wa kawaida wa transfoma hiyo upande wa juu ni kama ampea 52. Fyuzi iliyochaguliwa kubwa ili isikatike transfoma inapowashwa itaiona 473, itafikiri, itachukua muda wake, na pale chini mtu anaungua. Nimeona wanafunzi wakikaa kimya kabisa wakilipata hili mara ya kwanza, afu mmoja anauliza kwa hiyo paneli yetu kuu kubwa pale kwetu… na anaacha hapohapo.

Sasa ufuate nani? Usimfuate mmoja ukamtupa mwingine. Zipo njia za kupata vyote. Kuna breka zinazopeana taarifa, ya chini ikiona shoti inaipelekea ya juu ishara kwamba subiri hii ni yangu, na ya juu ikiona shoti bila kupata ishara inajua shoti iko kwake na inakata bila kungoja. Kuna rilei za tofauti, zinazoandikwa namba 87 kwenye michoro, zinazolinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, shoti ikiwa ndani ya eneo lake haina haja ya kusubiri mtu. Kuna rilei zenye macho, vihisio vya mwanga vimewekwa ndani ya swichigia, yaani makabati ya breka, zikiona ule mwanga pamoja na mkondo mkubwa zinaamua ndani ya milisekunde chache na kinachobaki ni muda wa breka kufunguka. Na kuna njia rahisi kuliko zote, swichi ya matengenezo, fundi kabla hajasogelea paneli anaigeuza na breka ya juu inaacha kusubiri kwa muda ule wa kazi, akimaliza anairudisha. Kwa dakika hizo umekubali kwamba shoti itazima eneo kubwa zaidi. Mimi nakubali hilo kila siku, kiwanda kilichozimika kinawashwa tena.

Ongezea hapo kwamba ukipanga kwenye programu, muda ukitoka mrefu sana, IEEE 1584, mwongozo wa kuhesabu aki flashi, inaruhusu kuchukua sekunde 2 kama kikomo kwa maana kwamba mtu aliyesimama huru atakuwa ameshakimbia. Aliyesimama huru. Aliyepiga magoti nyuma ya paneli kwenye kichochoro, au aliye juu ya ngazi, hizo sekunde 2 hazimhusu, na programu haijui amekaa vipi. Wewe ndo unajua.

Swali: Mimi ni fundi, sio injinia. Kampuni imeninunulia suti ya kalori 40 yenye kofia na kioo. Je, sasa naweza kufanya kazi paneli yoyote ikiwa laivu? – Fundi wa zamu

Jibu: Hapana kaka. Suti ni ya mwisho kwenye mstari wa kinga. Kwanza uliza kwa nini paneli isizimwe. Zima, funga kufuli lako, tundika kibao chenye jina lako, afu pima kuhakikisha hakuna umeme, na kipimo chenyewe kijaribu kwenye umeme unaojulikana kabla na baada. Kile kitendo cha kupima ndo mara nyingi kinahitaji uvae suti, sababu mpaka umalize kupima, paneli unaihesabu laivu.

Kingine, ile 40 haimaanishi ukipigwa 40 utatoka salama. Vitambaa hivi mara nyingi vinapimwa kwa kiwango ambacho kuna nafasi ya asilimia 50 kwamba ngozi iliyo nyuma yake itaanza kuungua kwa daraja la pili, yaani malengelenge. Ngozi tupu inafikia hapo kwa kalori 1.2 tu, na umbali ambao joto limeshuka mpaka 1.2 ndo mpaka ambao asiyevaa kinga hatakiwi kuuvuka. NFPA 70E, kiwango cha Marekani cha usalama wa kazi za umeme, ina madaraja manne ya nguo, kalori 4, 8, 25 na 40, na wewe unavaa kulingana na lebo ya paneli iliyo mbele yako, sio kulingana na suti iliyopo stoo. Na joto ni sehemu moja tu. Shaba ikigeuka mvuke inatanuka kama mara 67,000, ule msukumo unarusha mlango, unapasua masikio, unamtupa mtu ukutani, na suti haiuzuii.

Nguo za ndani nazo angalia. Fulana ya nailoni au poliesta inayeyuka inashika ngozi. Vaa pamba chini, au kitambaa maalumu kisichoshika moto.

Swali: Nasimamia mafunzo kwenye kampuni. Watoa kozi wananiletea siku mbili, siku tatu, siku tano, kila mmoja anasema yake inatosha. Niwapeleke akina nani na kwa siku ngapi? – Afisa mafunzo

Jibu: Nakujibu kama ninavyoamini mwenyewe dada, au kaka, hukuandika. Siku tano za darasa ndo mwanzo wa kueleweka, na hata hizo hazitoshi kama baada yake injinia hatapewa sehemu moja ya kiwanda aichambue mwenyewe kuanzia kukusanya data mpaka lebo, na mtu mzoefu akamkagua kila hatua. Siku mbili zinatosha kwa mtu anayetaka kusoma ripoti, sio kuiandika.

Mtoa kozi muulize swali moja: wanafunzi wataanza kugusa programu siku ya ngapi? Akisema siku ya kwanza asubuhi, endelea kutafuta. Iwe ETAP, SKM au EasyPower, zote ni nzuri, ila zinakuja baada ya shoti kuhesabiwa kwa mkono na mistari ya muda na mkondo kuchorwa kwa penseli kwenye karatasi ya logi, ambayo mihimili yote miwili inapanda kwa mara kumi kumi. Karatasi ile inafundisha kitu ambacho kioo cha kompyuta hakifundishi, mkono wako wenyewe unakwama pale mistari miwili inapokatana na unajua hapo pana tatizo.

Muulize pia anafundisha IEEE 1584 ya mwaka gani. Ya kwanza ilitoka 2002, ikabadilishwa sana 2018. Ya 2018 inazingatia baa za shaba zimekaaje, mipangilio mitano, na zile zinazoelekea mbele kuelekea kwa mtu zinasukuma moto mbele na joto linapanda ukilinganisha na zilizosimama wima. Anayefundisha ya 2002 peke yake anakupa somo la zamani. Kanuni zake ni za umeme wa fezi tatu kati ya volti 208 na 15,000, nje ya hapo zinatakiwa njia nyingine, na mwalimu anayejua atakwambia hivyo bila kuulizwa.

Nani waende? Injinia wa mipango na wa matengenezo waende kozi ndefu. Mafundi wote wanaogusa paneli waende ya kwao, iliyoandikwa kwa ajili yao, na warudie, NFPA 70E inasema isizidi miaka mitatu kati ya mafunzo na mafunzo. Na naomba sana usimsahau mtu wa stoo na mtu wa manunuzi. Fyuzi inayozuia mkondo mkubwa ikiungua, na stoo ikatoa nyingine ya ampea zilezile lakini aina tofauti, inaingia kwenye kishikio vizuri kabisa, umeme unawaka, kila mtu anashukuru, na hesabu yote ya paneli ile imekufa. Nusu siku tu inatosha kumwonyesha mtu wa stoo kwa nini herufi za mwisho kwenye modeli haziwezi kupuuzwa.

Wengine wanaona aki flashi ni fasheni mpya. Ralph Lee, injinia wa Marekani, alichapisha makala yake mwaka 1982 akionyesha kwamba umeme unaua kwa njia nyingine mbali na kumpiga aliyeugusa, unaunguza mtu aliyesimama hatua kadhaa bila kugusa chochote. Zaidi ya miaka 40 sasa. Sio mpya, tumechelewa kuifundisha.

Swali: Lebo za aki flashi zinadumu muda gani? – Msomaji

Jibu: NFPA 70E inataka uchambuzi uangaliwe upya isizidi miaka mitano. Lakini ukibadilisha transfoma, ukiongeza mota kubwa, ukibadilisha breka au setingi, au wauza umeme wakiongeza nguvu ya gridi, lebo imekufa siku hiyohiyo hata kama ina wiki moja. Andika tarehe kwenye lebo, ili anayeisoma ajue imehesabiwa lini.

Swali: Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi. Wanafunzi wanachoka na nadharia. Kuna ubaya gani nikiwaonyesha kwenye paneli yetu ikiwa laivu, kwa tahadhari lakini? – Mwalimu mwenzako

Jibu: Usifanye hivyo mwalimu mwenzangu. Vijana ishirini wamezunguka paneli moja, mmoja kashika bisibisi, huwezi kuwaangalia wote.

Tafuta rilei moja, hata kuukuu, iweke mezani, na mashine ya kuingizia mkondo wa upande wa pili wa CT, ile ndogo ya kupimia rilei, inayopeleka ampea chache tu. Chukulia CT ya 400 kwa 1, kwa hiyo ampea 1 pale mezani inasimama badala ya 400 kwenye laini, na ampea 10 inasimama badala ya 4,000. Mwambie mwanafunzi aseti kiwango cha kuanzia 1, TMS 0.1, mstari wa kawaida wa IEC. Mwambie apige hesabu kwanza, aiandike ubaoni kwa chaki mbele ya wenzake, 0.297. Afu abonyeze.

Mimi darasani kwangu alifanya hivyo binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma wiki nzima haongei. Saa ya mashine ikasimama kwenye 0.31. Akaangalia ubao, akaangalia mashine, akaniuliza ile 0.013 imekwenda wapi, na tukakaa nayo mchana wote, makosa yanayoruhusiwa ya rilei, muda wa kontakti kusogea, makosa ya CT ambayo pale mezani hayakuwepo ila kwenye laini yapo. Hakuna aliyekumbuka chai. Kesho yake alikuja na karatasi ameongeza breka na CT kwenye hesabu, na ameelewa mwenyewe kwa nini tunaacha sekunde 0.3.

Mashine hizo sio za kawaida kwenye kila chuo, najua. Ila viwanda vinazo na mara nyingi zimelala stoo, andika barua uombe siku moja kwa mwezi.